Maikro-LED haijafa, tumeitafuta mahali pasipo pake

Tarehe 28 Februari 2024 kampuni ya ams Osram iliwatangazia wawekezaji wake kwamba mradi wake mkuu wa maikro-LED, yaani taa za LED zilizopunguzwa hadi kuwa vidoa vidogo sana vya mwanga, umefutwa bila kutarajiwa. Kiwanda kipya kilikuwa kimejengwa Kulim, Malaysia, kwa kuutegemea mradi huo. Vyombo vya habari vya biashara viliandika kuwa mteja aliyejitoa ni Apple, na kwamba skrini hizo zilikusudiwa kwa saa zake. Tangu hapo, kila inapotajwa maikro-LED, hasa ile inayokunjika, hakosi mtu wa kusema kwamba hiyo ni teknolojia iliyokwisha shindwa. Mwaka 2025 Garmin ilitoa saa ya fēnix 8 Pro yenye skrini ya maikro-LED 400,000 na zaidi, na wapinzani wakapata hoja nyingine. Kwa hesabu za kampuni yenyewe, saa hiyo hukaa na chaji siku 10, ilhali pacha wake mwenye skrini ya OLED, ambayo mwanga wake hutoka kwenye utando wa kemikali za kikaboni, hukaa hadi siku 27.

Naona kesi hii imesikilizwa katika mahakama isiyo yake. Kinachoyumba ni biashara ya skrini. Vidoa hivi vya mwanga, vikishakonda kiasi cha kukunjika, vina kazi nyingine inayovifaa zaidi, nayo ni kupeleka mwanga mahali ambapo taa ngumu haikai vizuri: juu ya ngozi na ndani ya mwili. Huko hazihitajiki milioni ishirini. Mara nyingi kumi zinatosha. Vikwazo vya huko ni maji ya chumvi, joto, na tofauti za ngozi za watu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoiangusha saa. Anayesema maikro-LED imekufa hajaviangalia vikwazo hivyo, na anayeahidi kwamba itaponya kila kitu kesho naye hajaviangalia.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe, kukunjika. Ule ukanda wa taa unaobandikwa chini ya rafu au nyuma ya televisheni unakunjika, lakini chipu zake hazikunjiki. Ni vipande vigumu vya milimita kadhaa vilivyopangwa juu ya utepe laini, na mkunjo wote unabebwa na nafasi iliyo kati yao. Ukikunja palepale penye chipu, itapasuka au itabanduka, na sehemu hiyo ya ukanda itazima. Maikro-LED kwa kawaida haizidi mikromita 100 kwa upande, yaani sehemu ya kumi ya milimita, na ikishabanduliwa kwenye jiwe ilikooteshwa unene wake unaweza kuwa mikromita chache tu, wakati unywele wa binadamu una takriban 70. Kukonda huko ndiko kunakobadilisha tabia yake. Galiamu nitridi, fuwele inayotoa mwanga wa bluu, ni ngumu na huvunjika kama kioo ikivutwa kupita kiasi kidogo sana. Lakini kitu kikizungushwa kwenye bomba, mvutano wa uso wake wa nje ni unene wake ukigawanywa, kwa makadirio, kwa kipenyo cha bomba. Kipande cha nusu milimita kwenye bomba la milimita 10 kitavutwa kwa asilimia 5, na hapo kimeshakatika. Utando wa mikromita 5 kwenye bomba hilohilo utavutwa kwa asilimia 0.05, na hautadhurika. Nyuzi za kioo zinazobeba intaneti hupinda kwa sababu hiyohiyo: kioo chake hakijalainika, kimekonda.

Njia iliyotufikisha hapa ni ndefu. Nick Holonyak aliwasha LED nyekundu ya kuonekana kwa macho mwaka 1962 katika maabara ya General Electric. Bluu iliwasumbua watafiti kwa miongo mitatu, hadi kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mwaka 2000 Hongxing Jiang na Jingyu Lin, wakiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, walionyesha LED za galiamu nitridi zenye upana wa mikromita 12 hivi. Mwaka 2009 kundi la John Rogers, wakati huo akiwa Illinois, likachapisha katika jarida la Science namna ya kuzibandua LED nyembamba na kuzipanga juu ya plastiki na mpira. Hatua ya kubandua inastahili kutazamwa kwa karibu. Fuwele ya bluu huoteshwa juu ya yakuti samawi, na yakuti haikunjiki hata kidogo. Basi leza ya urujuanimno hupitishwa kupitia yakuti hadi kwenye mpaka wa vitu hivyo viwili. Hapo galiamu nitridi huvunjika ikawa gesi ya nitrojeni na tone la galiamu, na galiamu huyeyuka kwa nyuzi 30 hivi za Selsiasi, kwa hiyo joto dogo tu linatosha kuachanisha. Kisha muhuri wa mpira wa silikoni hushuka, hunyanyua vipande maelfu kwa pamoja, na kuvigonga mahali vinapotakiwa, kama karani anavyogonga muhuri kwenye karatasi.

Muhuri huo ndio uliowatoa jasho watu wa skrini. Skrini ya 4K ina pikseli 8,294,400, na kila pikseli inahitaji nyekundu, kijani na bluu, yaani LED 24,883,200. Ukifanikiwa kwa asilimia 99.99, bado utabaki na vidoa karibu 2,500 vilivyokufa, na mnunuzi wa televisheni hatavumilia hata vitano. Kuvitafuta na kuvirekebisha ndiko kunakopandisha bei. Zaidi ya hapo, LED inapopunguzwa, kingo zake zinakuwa sehemu kubwa ya mwili wake, mfano wa kiwanja kidogo ambacho karibu chote ni mpaka. Kingo zilizokatwa zina kasoro zinazomeza umeme bila kutoa mwanga, na nyekundu huumia kuliko bluu. Hivyo ndivyo skrini inayotangazwa kuwa ya akiba inavyoweza kula betri kuliko OLED. Hoja ya wapinzani hapa ni ya kweli na siipingi.

Ila kutoka hapo hadi kusema kwamba LED za kukunjika hazina maisha ni kuruka hatua, na hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote wanazozitoa. Kiraka cha kupima oksijeni kinahitaji LED mbili au nne. Uzi wa kuingiza mwanga kwenye ubongo wa panya ulioelezwa katika Science mwaka 2013 ulikuwa na LED chache tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa seli. Ukihitaji kumi, unaweza kupima kila moja kabla ya kuifunika na kutupa iliyo mbovu, na asilimia 99.99 inatosha na kusalia. Hata ufanisi mdogo wa chipu ndogo haukwamishi sana, kwa sababu inayomulika kutoka umbali wa milimita moja haihitaji kung'aa kama inayoshindana na jua la mchana.

Upande wa wapinzani kuna hoja nzito zaidi, na ninaitaja kwa sababu inanisumbua. Wanasema tiba haijawahi kujilipia viwanda vya semikondakta, imekuwa ikila makombo ya biashara kubwa. Kamera za kumeza zilipata vihisi vya picha kutokana na wimbi la kamera ndogo za kidijitali. Skrini zikianguka, nani atalipia mashine za kubandua na kugonga mihuri? Ni kweli kwamba bei itashuka polepole zaidi. Lakini LED zenyewe hazitakosekana. Fuwele ileile ya bluu huoteshwa kwa wingi mno kwa ajili ya taa za kawaida, na magari yanaanza kutumia maikro-LED kwenye taa za mbele. Kinachokosa mfadhili ni hatua ya mwisho ya kukondesha na kuhamisha, na kwa vifaa vya LED kumi hatua hiyo hufanyika kwenye chumba safi cha chuo kikuu, polepole, bila kiwanda cha mabilioni.

Kuhusu mwangaza wa nyumba nitasema kidogo, kwa kuwa sioni mabadiliko makubwa hapo. Balbu ya LED ya leo hutoa lumeni 100 au zaidi kwa kila wati, ni rahisi, na haina sababu ya kukunjika. LED nyembamba zitaingia palipo na umbo la shida, ndani ya paa la gari, kwenye kitambaa, kwenye kofia ya mfanyakazi wa usiku, au palipotakiwa uso mzima ung'ae bila kivuli. Hata huko OLED, iliyozaliwa kwa kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987, ni mshindani halali. Inatandazwa kama rangi, mwanga wake ni mtulivu, na inakunjika yenyewe. Udhaifu wake ni unyevu na oksijeni, ambavyo huiharibu haraka ikipata tundu. Mwili wa binadamu ni unyevu mtupu. Ndiyo maana naamini OLED itabaki na faida kwenye nyuso pana zilizo kavu, nayo fuwele ngumu iliyokondeshwa itashika sehemu za ndani.

Mwanangu wa kwanza alipata manjano siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Alilazwa chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa, na mama yake akakaa kando siku mbili akinyoosha mkono kupitia tundu. Kila alipomtoa kunyonya, muda wa tiba ulisimama. Sababu yake iko wazi kimwili. Mwanga wa bluu wenye wimbi la nanomita 460 hadi 490 huigeuza bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo ngozini, ikawa umbo ambalo mwili unaweza kulitoa, na kiasi cha tiba hupimwa kwa nguvu inayofika ngozini. Taa ikiinuliwa sentimita chache, dozi inashuka. Siri hii iligunduliwa na mtu aliyekuwa na macho tu. Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto njiti kuota jua, akaona mmoja ana ngozi iliyofifia manjano kila mahali isipokuwa pembe tatu iliyokuwa imefunikwa na shuka. Daktari Richard Cremer na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1958. Miongo kadhaa baadaye bado tunaning'iniza taa juu ya mtoto, ingawa mablanketi ya nyuzi za mwanga yapo tangu miaka ya 1980. Nguo laini yenye LED zilizosambazwa sawasawa, inayomzunguka mtoto akiwa kifuani mwa mama, haihitaji uvumbuzi wowote mpya wa fizikia. Inahitaji mtu aithibitishie usalama wake wa joto na dozi.

Sasa washa tochi ya simu yako usiku, ibane dhidi ya ncha ya kidole. Kidole kinawaka chekundu. Mwanga wa bluu na kijani umemezwa na damu na ngozi kabla haujavuka, nyekundu ndiyo imepita. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kinafanya hivyohivyo kwa utaratibu zaidi. Takuo Aoyagi wa Japani alitoa wazo lake mwaka 1974, na leo vingi hutumia mwanga wa nanomita 660 (nyekundu) na 940 (infraredi), vikilinganisha jinsi damu yenye oksijeni na isiyo nayo inavyozimeza. Kiraka chembamba kina faida dhahiri, kwa kuwa hakichezi kidole kinapocheza, na kinaweza kukaa kifuani au kwenye paji la uso. Hapa ndipo wanaoshabikia huwa kimya kuhusu jambo ambalo mimi naliona zito kuliko mengine yote. Melanini, rangi asilia ya ngozi, nayo inameza mwanga. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Marekani: miongoni mwa waliosomeka kuwa na oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, wagonjwa Weusi asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88 walipopimwa damu ya ateri, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya wagonjwa Weupe. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani wa mwaka 2013 uliridhika na watu 10 wa majaribio, wawili wao wawe na ngozi nyeusi. Rasimu mpya ya Januari 2025 ilipendekeza watu 150 au zaidi wenye rangi mbalimbali. Kifaa laini hakiondoi kosa hili kwa ulaini wake. Kinaweza kulipunguza, kwa kuwa nafasi ya chipu ndogo inaruhusu kuongeza rangi ya tatu na ya nne na kuihesabu melanini kando, lakini hilo lifanyike kwa kukusudia na lipimwe kwa watu halisi.

Ndani ya mwili mambo yanakuwa mazuri zaidi na magumu zaidi kwa pamoja. Mwaka 2025 kundi la Rogers, sasa Northwestern, pamoja na Igor Efimov, lilieleza katika jarida la Nature pesimeka, kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, ndogo kuliko punje ya mchele, milimita 1.8 kwa 3.5 kwa 1. Inaingizwa kwa sindano, inajipatia umeme kutokana na vimiminika vya mwili, na kiraka laini cha kifuani huipigia mapigo ya mwanga wa infraredi kupitia ngozi na mfupa. Ikimaliza kazi yake inayeyuka. Imefanyiwa majaribio kwa wanyama na kwenye mioyo ya binadamu iliyotolewa kwa msaada wa utafiti. Anayeona ni mchezo akumbuke kwamba baada ya upasuaji wa moyo nyaya za muda hutolewa kwa kuvutwa, na Neil Armstrong alivuja damu ndani mwaka 2012 nyaya kama hizo zilipoondolewa, akafariki. Kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo, waya mmoja uliopungua si jambo dogo.

Kuhusu optojenetiki, yaani kuingiza jeni inayoifanya seli ya neva isikie mwanga, ni lazima tuwe waangalifu. Mwaka 2021 mwanamume wa miaka 58 aliyepofuka kwa ugonjwa wa retina alipata uwezo wa kuona kwa sehemu, akitumia miwani inayomulika jicho lililotiwa jeni hiyo. Hakukuwa na LED yoyote iliyopandikizwa. Mwaka 2019 watafiti waliwasaidia panya kudhibiti kibofu kwa LED ndogo zilizounganishwa na kipimo cha mvutano. Kundi la Tobias Moser huko Göttingen linaweka safu za LED kwenye sikio la ndani la wanyama, kwa sababu iliyo nzuri: vifaa vya sasa vya kusikia vinavyopandikizwa vina elektrodi, yaani ncha za kutoa umeme, kati ya 12 na 24, umeme wake husambaa kwenye maji ya sikio la ndani, na noti zinachanganyikana. Mwanga hubaki ulipoelekezwa. Lakini hayo yote yanangoja tiba ya jeni kwanza, na hiyo ina ratiba yake isiyofuata ya wahandisi wa taa. Anayeuzwa ndoto ya kusikia kwa mwanga mwakani anadanganywa.

Kinachoamua mustakabali, kwa tathmini yangu, ni ganda. LED moja ikitumia miliwati chache, sehemu kubwa inageuka joto, na kanuni za kimataifa za vifaa vinavyopandikizwa kwa kawaida haziruhusu uso wake kuzidi nyuzi 2 juu ya joto la mwili. Mpira wa silikoni unalinda dhidi ya matone, ila mvuke hupenya, na chumvi ikifika kwenye waya wa chuma chembamba, waya unaliwa. Plastiki yenye kukunjika na isiyopitisha maji kwa miaka kumi bado ni tatizo lililo wazi, na utafiti wa matabaka membamba ya oksidi ya silikoni umekuwa na matumaini zaidi kuliko plastiki pekee. Ni kazi isiyo na picha ya kuvutia na ndiyo inayostahili fedha kuliko skrini nyingine ya saa.

Kisha kuna suala la nani anabaki na mgonjwa. Kifaa cha retina cha Argus II, chenye elektrodi 60, kilipandikizwa kwa watu zaidi ya 350 duniani. Kampuni ya Second Sight iliacha kukitengeneza, na baadhi ya waliokuwa nacho wakabaki na kifaa machoni kisichokuwa na vipuri wala fundi. Kilikuwa cha umeme, hakina LED, lakini hatari ni ileile na kwa maikro-LED ni kubwa zaidi, kwa sababu watengenezaji wake ni vikundi vidogo vya vyuo. Anayetoa kibali anaweza kudai michoro ya kifaa iwekwe amana kabla ya mgonjwa wa kwanza, ili fundi mwingine akihudumie kampuni ikifa. Anaweza kudai pia orodha ya waliopimwa, kwa rangi ya ngozi na umri, ichapishwe pamoja na matokeo. Kiraka kitakachofika wodini miaka michache ijayo kinapimwa sasa, na waliokaa kwenye viti vya majaribio leo ndio watakaokuwa kipimo cha kila atakayekivaa.